Huruma na Unyenyekevu Mezani pa Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sumbawanga)



Halmashauri ilipotutaka tuseme habari ya huruma na unyenyekevu wa Kikristo, tulikaa siku nyingi tukifikiri, kwa kuwa twajua ya kuwa mmekwisha kuyasikia maneno hayo kanisani mara nyingi mno, tena vinywani mwa watu waliosomea kusema. Sisi si mapadre wala si wachungaji. Sisi ni makarani. Kwa hiyo tumeona afadhali tuyatazame mambo hayo mahali tunapopajua sana, yaani mezani penye kalamu na mihuri, na mlangoni penye watu wangojao. Ndugu zetu Waislamu mliomo humu, twatumaini hamtakuta neno la kuwakwaza. Mjane akilala njaa haulizwi dini yake.

Na tuanze na aibu yetu wenyewe, maana si vyema kuwafundisha wengine kabla hatujajihukumu.

Tulipokuwa bado vijana katika kazi, zamani senti zilipokuwa na thamani, tulikuwa katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Siku moja ya mwezi wa Juni alifika mama mmoja mzee kutoka bonde la Rukwa. Alikuwa mjane, akitafuta karatasi moja ya marehemu mumewe ili apate fedha kidogo zilizosalia. Njia ile mwaijua. Mji wetu uko karibu futi 6,000 juu ya bahari, na ziwa liko zaidi ya futi 3,000 chini yake, na ukuta wa Lyamba lya Mfipa hauyahurumii magoti ya mzee. Mama yule alipanda kwa miguu mpaka juu, kisha akapata nafasi katika lori, akaketi juu ya magunia ya mahindi hata akafika mjini. Ilikuwa saa tisa ya mchana. Nasi tulikuwa tukijumlisha hesabu za mwisho wa mwezi, na hesabu zilikataa kulingana kwa senti sitini.

Akabisha hodi. Hatukuinua macho. Akabisha tena. Tukasema, "Kesho." Neno hilo moja tu, wala hatukuuliza ametoka wapi, wala ana ndugu mjini au hana. Hata shikamoo hatukumpa, naye ana umri wa kutuzaa. Yeye ndiye aliyetuamkia sisi. Aliinama akapiga makofi polepole, kama wafanyavyo wazee wa Ufipa mbele ya mkubwa, akatoka.

Asubuhi tulimkuta barazani, amejikunja pembeni na kujifunika kanga mbili. Baridi ya Juni hapa kwetu hakuna asiyeijua, na mtu wa bondeni huiona kali mara mbili. Hakuwa na ndugu mjini. Hakutulaumu. Aliinama tena, akapiga makofi tena. Karatasi yake tuliipata katika jalada la pili tulilolifungua, na kazi yote haikupita dakika kumi. Zile senti sitini nazo zilionekana baadaye: tuliandika 10 mahali pa 70 kwa kalamu yetu wenyewe. Basi mama mzee alilala nje kwa ajili ya kosa la mkono wetu.

Hakuna mkubwa aliyetukaripia kwa jambo hili. Hatukuvunja kanuni hata moja. Saa za kupokea watu zilikuwa zimebandikwa mlangoni, naye alifika nje ya saa hizo. Kwa hakika, kama mkaguzi angekuja siku ile angetusifu kwa kufuata taratibu. Ndiyo maana twasema ya kuwa jambo tunalolizungumza haliwezi kuandikwa katika kanuni za kazi, wala hakuna awezaye kumlazimisha mtu kulitenda.

Kisa cha Bwana Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu mwakijua. Katika nchi ile kumwosha mgeni miguu kulikuwa kazi ya mtumishi wa chini, kwa kuwa watu walitembea na viatu vya wazi penye vumbi na mavi ya wanyama. Naye Bwana aliinuka chakulani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika chombo, akapiga magoti. Sisi twapenda sana kumtazama Petro katika kisa hiki, maana Petro alifikiri kama karani. Alijua daraja za watu. Aliona ya kuwa mkubwa yuko chini na mdogo yuko juu, na jambo hilo likamchukiza, akakataa. Wengi wetu tukisikia habari hii tunamcheka Petro, na siku ya Jumatatu tunakuwa kama yeye, illa yeye alikataa kuoshwa, na sisi tunakataa kuosha.

Tazameni pia jinsi jambo lenyewe lilivyo. Huwezi kuosha miguu ya mtu ukiwa umesimama. Lazima uiname. Na jambo hili litukumbushe mtu mmoja ambaye kila karani, mwalimu na mganga wa nchi hii yampasa kumjua.

Hapa mjini kwetu iko hospitali iitwayo kwa jina la Dk. Atiman, na wengi huingia na kutoka pasipo kuuliza Atiman alikuwa nani. Adrian Atiman hakuwa Mfipa. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, penye mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ambayo siku hizi huitwa Mali. Akiwa mtoto mdogo aliibwa na washika watumwa, akapitishwa jangwa la Sahara, akapelekwa Algeria kama bidhaa. Huko mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, wakamnunua ili awe huru, wakamlea. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana wa Kiafrika uganga, ili warudi kuwatibu Waafrika wenzao. Basi Atiman akapelekwa kisiwani Malta pamoja na wenzake, akasoma udaktari huko miaka kadhaa. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja huku, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao waliwaachia mapadre mwaka 1885. Siku hizi imo katika Mkoa wa Katavi, lakini kwa habari za kanisa ilikuwa ndiyo mama wa Ufipa, na jimbo lililoitwa Karema ndilo lililopewa jina la Sumbawanga mwaka 1969. Atiman alipofika, biashara ya watumwa ilikuwa ingali hai ziwani, na watu waliouzwa ng'ambo ya Kongo walivushwa kwa mitumbwi. Yeye aliyevushwa jangwa kwa mnyororo alifika kuwatibu watu waliovushwa ziwa kwa mnyororo. Alikuwa mganga na tena mwalimu wa dini. Akaoa huko huko, mke wake Agnes akiwa wa ukoo wa watawala wa Wabende, na mwana wao Joseph akawa padre. Akakaa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Ukihesabu utaona ni miaka 67 katika kituo kimoja.

Miaka 67, mabwana. Sisi tukikaa kituo kimoja miaka minne twaandika barua ya kuomba uhamisho.

Hatutaki kumpamba mtu kwa maneno tusiyoyajua. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na anayetaka azitafute azisome. Tunalotaka mlitazame ni jambo moja tu. Mtu huyu alikuwa na elimu ambayo katika siku zile Waafrika wachache sana wa upande huu walikuwa nayo. Alijua lugha za Ulaya. Alikaa katika miji mikubwa. Kama elimu ni sababu ya kujiona, yeye alikuwa na sababu kuliko sisi sote tuliomo humu ndani. Tena kama mateso ni sababu ya kuwa na moyo mgumu, yeye alikuwa na sababu hiyo pia. Ukiuzwa utotoni unaweza kuwachukia watu wote, na ukisomeshwa Ulaya unaweza kuwadharau wote. Atiman alikuwa na njia zote mbili wazi mbele yake, na miaka yote ile alishika kazi ya kutibu vidonda.

Na mganga wa vidonda hawezi kufanya kazi kwa mbali. Kidonda cha mguu kimo mguuni, nacho kinanuka. Yampasa ainame, ashike, aoshe. Hivi ndivyo Bwana alivyofanya chakulani, na ndivyo sisi tulivyoshindwa kufanya kwa mama wa bondeni, ambaye hata hakutaka tuiname hivyo, alitaka tuinue macho tu.

Sasa twajua ya kuwa wako miongoni mwenu wanaosema moyoni: "Maneno haya ni mazuri, lakini chama chetu ni cha kudai haki. Tukiwa wanyenyekevu sana tutakanyagwa." Neno hilo ni zito, wala hatutaliruka.

Wakubwa wengi wa zamani za ukoloni walipenda kusifu unyenyekevu wa Mwafrika, na maana yao ilikuwa kwamba anyamaze. Karani aliyeuliza habari ya mshahara wake aliambiwa ana kiburi. Lakini chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, rais wake wa kwanza alikuwa Martin Kayamba, Mkristo, mtoto wa misheni, naye hakuona ya kuwa dini yake inamkataza kusema. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, katika shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Aliketi mbele ya mabwana wa Bunge akajibu maswali yao. Hilo halikuwa kosa juu ya unyenyekevu.

Sisi twaona hivi. Uko unyenyekevu utazamao juu, nao mara nyingi si unyenyekevu, ni hofu, au ni kutafuta cheo. Karani huyo humfungulia mkubwa mlango, humbebea mkoba, hucheka mkubwa anapocheka, kisha akigeuka humfokea tarishi na kumwacha mkulima juani. Mtu huyo si mnyenyekevu hata kidogo. Uchungu anaoupokea juu anaushusha chini, kama maji ya mvua yashukavyo bondeni. Unyenyekevu wa Kristo hutazama chini kwanza. Bwana Yesu mbele ya Pilato hakubembeleza, bali mbele ya wavuvi wake alipiga magoti. Basi na tudai haki zetu kwa wakubwa tukiwa tumesimama wima, kwa adabu na kwa kalamu, lakini tunapodai kuheshimiwa, je, tarishi wetu naye aweza kusimama mbele yetu akadai vivyo hivyo? Kama hawezi, madai yetu yana kasoro, na wanaotusikiliza wataiona hata tusipoitaja.

Tutoke ofisini kidogo, twende nyumbani na shambani.

Katika nchi hii ya Ufipa, ambako miti ni michache, wazee walivumbua kilimo cha matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Majani hufunikwa kwa udongo mvua zinapokaribia kwisha, yakaoza, na msimu ufuatao udongo ule wenye rutuba ukatandazwa na kupandwa ulezi. Ni kazi nzito sana kwa mtu mmoja. Ndiyo maana watu huitana: mwenye shamba hupika pombe, na majirani huja na majembe, wakalima, kisha wakanywa. Desturi hiyo ni njema, imelisha watu miaka mingi. Walakini ina tundu moja. Mjane asiye na ulezi wa kupikia pombe huwaitaje watu? Na mgonjwa je? Kwa hiyo asiye na kitu huzidi kukosa, kwa kuwa hakulima, na hakulima kwa kuwa hakuwa na kitu.

Hapo ndipo karani aweza kufanya jambo. Wengi wetu twasema hatuwezi kushika jembe kwa kuwa tumekaa ofisini mno, na mikono imekuwa laini. Basi twashauri hivi: siku ya Jumamosi moja, twende watano au sita kwa mjane mmoja, tulime bila pombe wala maneno, kisha turudi. Malengelenge tutakayoyapata yatapona. Tusichukue mpiga picha. Tusiandike katika taarifa ya chama jina la yule tuliyemlimia, maana msaada uliotangazwa humrudia maskini kama deni, na kila apitapo njiani watu watasema, "Yule ndiye aliyelimiwa na makarani."

Juu ya fedha hatuna neno jepesi. Kila mmoja wetu ajua jinsi nyumba inavyojaa siku ya mshahara. Shangazi amekuja, mtoto wa ndugu anataka ada, na mtu ambaye ujamaa wake hatuuelewi sawasawa ameketi sebuleni tangu alfajiri. Wengine wetu hujificha. Tumesikia hata habari ya mwenzetu aliyemwambia mtoto aseme baba hayupo, na mtoto akasema, "Baba anasema hayupo." Mwacheka, lakini mtoto yule amefundishwa jambo siku ile, na halikuwa hesabu. Sisi twaona ya kuwa huruma haimlazimishi mtu kutoa asichonacho, wala kukopa dukani ili aonekane mkarimu, kisha watoto wake walale na uji. Inamlazimisha kutoka nje, kuketi pamoja na aliyekuja, kumpa maji, na kumwambia kweli: "Ndugu yangu, mwezi huu ninacho hiki tu." Aliyekataliwa kwa heshima huondoka na kitu. Aliyepewa kwa matusi huondoka na fedha, na moyo wake umejeruhiwa.

Liko neno jingine, nalo twalisema kwa woga kidogo kwa kuwa litawagusa wengi. Iko huruma ya uongo ifanywayo ofisini. Mtu wa kijiji chetu akija, twampitisha mlango wa nyuma, na karatasi yake tunaiweka juu ya karatasi za wengine, tukasema tumemhurumia. Lakini wale kumi waliofika kabla yake nao walistahili kuhurumiwa. Tumewaibia nafasi yao tukampa mtu wetu, kisha tukajisifu kwa ukarimu. Na kuku anayeletwa akiwa amefungwa miguu, ati ni asante tu, twajua sote alivyo. Mama yule wa bondeni hakuwa na kuku. Kama ofisi ingekuwa ya kuku, asingepata karatasi yake hata asubuhi ile.

Husemwa ya kuwa jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni kumwambia mgeni atupe uchawi wake kabla ya kuingia. Tungekuwa na mamlaka, tungeongeza kibao kingine mlangoni pa kila ofisi, si kwa wageni, bali kwa sisi tuingiao asubuhi na funguo mkononi.

Lakini vibao havitatosha, nasi hatukuja kuomba vibao. Tulipokuwa tukiandika maneno haya tulikwenda kutazama baraza za ofisi kadhaa hapa mjini. Katika nyingine watu huketi sakafuni, na katika nyingine husimama wakiegemea ukuta, wazee kwa wajawazito. Ndani ya ofisi hizo hizo kuna viti vibovu kidogo vilivyorundikwa nyuma ya makabati, vikingoja kuandikwa kuwa vimeharibika. Seremala aweza kuvitengeneza kwa siku moja.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunaleta mambo mawili mbele ya mkutano. La kwanza, kila mwanachama aombe ruhusa kwa mkubwa wake viti hivyo vitengenezwe na kuwekwa barazani, na pale pasipo viti chama kinunue mabenchi kwa fedha za mfuko wetu. La pili, katika kila ofisi yenye mwanachama wetu, mmoja awe na zamu ya kutoka nje saa tisa, kabla ya kufunga, awaulize waliosalia wametoka wapi, na yupi hana mahali pa kulala. Aliyetoka mbali ahudumiwe kwanza, awe wetu au asiwe wetu. Sisi tumejiandikisha zamu ya Jumatatu. Karatasi ya majina iko juu ya meza pale, karibu na taa, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee.